Neno "Settle" na Ardhi ya Thika na Ruiru

Kila lugha ina vitenzi vichache vinavyofanya kazi nyingi kuliko vyenzake. Katika Kiswahili kitenzi "piga" ni mtumishi wa namna hiyo: twapiga simu, twapiga pasi, twapiga hodi, twapiga mbizi, wala katika mambo hayo yote hakuna mtu anayeumia. Waingereza nao wana vitenzi vyao vya namna hiyo, na mwanafunzi wa Kiingereza hupotezwa na maneno hayo mafupi mara nyingi zaidi kuliko maneno marefu. Neno refu humtisha msomaji, naye huenda kulitafuta katika kamusi. Neno fupi humchekea, naye hulipita akidhani kuwa analijua.

Katika insha hii tutakitazama kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, yaani "settle". Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, maana zake ni nyingi, na kila moja yapasa kujulikana na mtu anayetaka kusoma Kiingereza vizuri. Pili, kitenzi hiki kimeacha alama kubwa katika nchi iliyo kati ya Ruiru na Thika. Kutokana nacho tulipata neno "setla", ambalo wazee wetu walilitumia kumwita Mzungu mwenye shamba. Atakayezifuata maana za neno hili moja moja ataona kwamba anaifuata pia historia ya ardhi hiyo.

Na tuanze na lugha yenyewe. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na neno "setl", maana yake kiti. Basi maana ya asili ya kitenzi chetu ni kuketisha, yaani kukiweka kitu mahali pake kikakaa. Kutoka hapo maana zikatawanyika. Ndege akishuka juu ya tawi, Mwingereza hutumia neno hilo. Sisi husema ndege ametua. Maji ya mto yakiachwa mtungini hata tope likashuka chini, yeye hutumia neno lile lile. Sisi husema maji yametuama. Kijana aliyekuwa akitangatanga akapata kazi, akaoa na kujenga, yeye husema "he has settled down". Sisi husema ametulia. Tazama, vitenzi hivi vyetu vitatu, tua, tulia na tuama, ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa vyote vimetokana na "tua". Kufikia hapa lugha hizi mbili zaenda bega kwa bega.

Baada ya hapo njia zao zaachana. Watu wakihama kwao wakaenda kukaa nchi nyingine, Mwingereza husema "settle", nasi husema wamehamia au wamelowea. Wagombanao wakipatana, au hakimu akikata shauri lao, yeye husema "settle" kwa mambo yote mawili. Mdaiwa akilipa deni lake dukani, neno ni hilo hilo. Mtu aliyetaka ng'ombe akakubali kupewa mbuzi huambiwa kwamba amefanya "settle for" mbuzi, maana yake ameridhia pungufu. Tena yuko mtu anayelipiza kisasi. Huyo husemwa kwamba "he has settled a score", kana kwamba kisasi ni hesabu iliyoandikwa katika daftari la mwenye duka, ikangoja siku ya kulipwa.

Angalieni basi tofauti iliyopo. Mwingereza akisema, "The matter is settled", hatuambii kama wagombanao wamepatana kwa hiari, au hakimu ameamua, au mwenye nguvu amemnyamazisha mnyonge. Neno lake laweza kuyabeba yote hayo bila kusema ni lipi. Mswahili hana nafasi hiyo. Hana budi kuchagua: wamesuluhishwa, au wamekatiwa shauri, au wamenyamazishwa. Akichagua, amekwisha kusema jambo ambalo Kiingereza kiliweza kulificha. Sasa na tuone jinsi jambo hili lilivyotokea katika nchi, si katika kamusi tu.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilifika mahali penye mji wa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia fedha nyingi sana, na mizigo ya kuilipia reli hiyo haikuwapo. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna tangu 1900 hadi 1904, aliona kuwa dawa ni kuwaleta Wazungu walime mazao ya kuuza ng'ambo. Mwaka 1902 ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Taji, iliyompa Kamishna uwezo wa kuuza ardhi, au kuikodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Sheria hiyo hiyo ilimkataza kuuza au kukodisha ardhi iliyokuwa ikikaliwa na wenyeji.

Kwa maandishi, hilo lilikuwa katazo jema. Lakini ardhi inayokaliwa ni ipi? Je, ni ile yenye nyumba juu yake tu? Miaka michache kabla ya hapo nchi ilikuwa imepatwa na misiba mfululizo: sotoka iliwaua ng'ombe, nzige na ukame viliharibu mashamba, na ndui iliwashika watu. Njaa kubwa ya 1898 na 1899 iliua watu wengi katika sehemu za Kiambu, na wengine wakakimbilia kwa jamaa zao Murang'a. Upande wa mashariki, kwenye nyika inayotoka Juja kuelekea mlima wa Ol Donyo Sabuk, Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo yao na kuhama kwa kufuata majani na mvua. Mgeni aliyepita wakati huo aliona mbuga na vichaka, asione moshi wa jikoni, akasema nchi hii ni tupu. Waliokimbia njaa waliporudi, baadhi yao walikuta ardhi yao imekwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine. Kila mkulima ajua kwamba shamba lililolala si shamba lililotupwa. Lakini ujuzi huo haukuwamo katika vitabu vya ofisi ya ardhi.

Mahali pa Thika, panapokutana mito ya Chania na Thika, palijengwa hoteli ya Blue Posts mwaka 1908, wasafiri wakawa wakipumzika hapo karibu na maporomoko ya maji. Juja, kati ya Ruiru na Thika, tajiri mmoja Mmarekani jina lake William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa mno. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake hapo. Mwaka 1913 tawi la reli kutoka Nairobi lilifika Thika. Mwishoni mwa mwaka huo huo aliletwa Thika msichana wa miaka 6, Elspeth, ambaye wazazi wake walikuja kupanda kahawa. Alipokuwa mtu mzima, naye akiitwa Elspeth Huxley, aliandika kitabu juu ya utoto wake, The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka 1959. Kitabu hicho kiliifanya Thika ijulikane na wasomaji wa nchi za mbali ambao hawakupata kuiona. Yafaa mwanafunzi akisome, kwa kuwa mwandishi alikuwa na jicho kali na kalamu nzuri. Lakini akisome akijua kwamba hadithi hiyo yatazamwa kutoka barazani kwa setla.

Hapo sasa twaweza kulinganisha neno la Kiingereza na neno letu. Kiingereza chasema "settler" kwa mtu yeyote aliyefika mahali akakaa. Neno hilo halikuambii kama aliwakuta watu. Kiswahili chasema "mlowezi", na kulowea ni kukaa katika nchi ya ugeni hata mtu akawa kama mwenyeji. Ndani ya neno letu mna watu wawili: yumo mgeni, na yumo mwenyeji aliyekutwa. Huwezi kumtaja mmoja bila kumkumbuka mwingine. Neno la Kiingereza lina mtu mmoja tu, naye yuko peke yake katika nchi pana.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi ya Thika na Ruiru methali hiyo iligeuzwa juu chini, kwa maana mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Mashamba ya kahawa na katani yalihitaji mikono mingi. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilimlazimisha mtu kutafuta fedha, na Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimvika kila mwanamume Mwafrika kipande, ili akiacha kazi bila ruhusa apate kukamatwa. Wanawake na watoto kutoka vijiji vya jirani walichuma kahawa. Walijua ni tunda lipi limeiva na ni lipi bado. Walijua kwamba buni ikioshwa mferejini iliyo nzito hutuama na iliyo nyepesi huelea. Lakini kwa miaka mingi walio wengi wao hawakuruhusiwa kupanda mibuni katika mashamba yao wenyewe. Mlango huo ulifunguliwa hasa katika miaka ya 1950.

Liko neno jingine la serikali ambalo lastahili kutazamwa kwa makini. Katika barua na taarifa za wakati ule, mashamba ya Wazungu yaliitwa "Settled Areas", na sehemu walizotengewa Waafrika ziliitwa "Reserves". Msomaji apitaye haraka haoni kitu. Lakini maana ya maneno hayo ni kwamba mahali palipotulia na kukaliwa ni pale penye Wazungu, na palipobaki ni ghala tu la kuwekea watu. Jamaa ya setla mmoja yaweza kuwa ilikaa peke yake katikati ya ekari mamia, na hapo pakaitwa pamekaliwa. Ng'ambo ya mto nyumba zilisongamana, na hapo hapakupewa jina hilo. Hivyo kitenzi kimoja, kikigeuzwa kuwa sifa, kilipiga mpaka ambao hata mto haukuweza kuupiga.

Wakikuyu walikuwa na maneno yao wenyewe juu ya mambo haya. Ardhi ya ukoo iliitwa "githaka". Mtu asiye wa ukoo aliweza kuomba mahali pa kulima, akapewa kwa wema, naye akaitwa "muhoi", yaani mwombaji. Muhoi alilima, alijenga, alikula, lakini ardhi haikuwa yake, na ruhusa yake iliweza kuondolewa. Jomo Kenyatta aliyaeleza mambo haya kwa urefu katika kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka 1938. Wazee wengi walishikilia kwamba Wazungu wa kwanza waliruhusiwa kukaa kwa namna hiyo, kama wahoi. Wazungu walishikilia kwamba wamepewa na Taji au wamenunua. Kila upande ulikuwa ukitumia neno la kukaa, na kila upande ulikuwa na maana yake.

Basi ni maana ya nani iliyoshinda? Sheria mpya ya 1915 iliirefusha mikataba ya mashamba ya Wazungu kutoka miaka 99 hadi 999, tena ikaihesabu hata ardhi iliyokuwa ikikaliwa na Waafrika kuwa ni ya Taji. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyoletwa na Wakikuyu wenyewe, iliamua kwamba kwa nguvu ya sheria hiyo haki za githaka zimetoweka, na wenyeji ni wapangaji tu wanaokaa kwa hiari ya Taji. Fikirini jambo hilo, enyi vijana. Kwa hukumu moja mwenye githaka akageuka muhoi, na aliyekuja juzi akapewa karne kumi.

Manung'uniko yalipozidi, Serikali ya Uingereza iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya mwaka 1932, mwenyekiti wake Sir Morris Carter. Tume ilisikiliza ushahidi mwingi, na ukoo baada ya ukoo ulitaja mito yake, vilima vyake na makaburi yake. Taarifa ilitolewa mwaka 1934. Ilishauri kwamba maeneo ya Wakikuyu yaongezewe ardhi kidogo, na kwamba baada ya hapo madai yao yote katika nchi ya Wazungu yafutwe. Mwaka 1939 mipaka ya nchi hiyo ya Wazungu ikathibitishwa kwa amri ya mfalme. Wakubwa wa serikali waliweza kusema kwa Kiingereza, "The question is settled." Na kwa Kiingereza walisema kweli, kwa kuwa shauri lilikuwa limekatwa. Kama wangalilazimika kusema kwa Kiswahili, wangalipata taabu. Wagombanao hawakuwa wamesuluhishwa. Nyoyo hazikuwa zimetulia. Tope lilikuwa limetuama chini ya mtungi, na kila mwenye mtungi ajua kwamba tope lililotuama halijaondoka. Hungoja tu atakayeutikisa.

Mtikiso ulikuja. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana alitangaza hali ya hatari, na miaka ya damu ikafuata. Wapiganaji wa msituni walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, na katika jina hilo ardhi yatajwa kwanza. Sitayasimulia hapa mambo ya vita hivyo, maana yana insha yao. Itoshe kusema kwamba shauri lililodhaniwa limekwisha mwaka 1934 lilikuwa bado halijaanza kwisha.

Mwaka 1960 sheria iliyoitenga nchi ya juu kwa Wazungu peke yao iliondolewa. Kuanzia 1962 ulianzishwa mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa masetla na kuwagawia Waafrika, na hatimaye jamaa zaidi ya 30,000 walipata mashamba, wengi wao katika sehemu za Nyandarua na kwingineko. Fedha zilitoka hasa Uingereza na katika Benki ya Dunia, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo. Hapo kitenzi chetu kilionyesha maana yake ya tatu. Waliopewa mashamba waliitwa kwa Kiingereza watu waliokuwa "settled", yaani wamekalishwa. Na watu hao hao wakatakiwa ku-"settle", yaani kulipa deni. Kitendo kimoja cha kukalishwa kikawa na hesabu yake nyuma.

Si wote waliokubali. Bildad Kaggia, mmoja wa wale watano waliohukumiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1953, alikuwa Mbunge wa Kandara, nchi iliyo kaskazini ya Thika. Yeye aliuliza kwa nini mtu alipe fedha ili arudishiwe kilichochukuliwa kwake. Mwaka 1964 alitoka katika cheo chake cha Waziri Msaidizi kwa ajili ya mabishano hayo. Kenyatta na wenzake walijibu kwamba nchi changa haiwezi kujengwa kwa kunyang'anya, na kwamba atakaye mali na afanye kazi ailipie. Mabishano hayo yalikuwa ya haki pande zote mbili, na mwanafunzi wa historia hapaswi kuyapita kwa mbio. Kwa maneno ya insha yetu, Kaggia alisema kwamba deni lalipwa na asiyedaiwa. Wakubwa wa serikali walisema kwamba bila malipo hapatakuwa na utulivu. Na wako waliokuwa wamepigania shamba zima, wakaishia kuridhia ekari chache zenye deni. Hao ndio waliolifahamu lile neno "settle for" bila kulisoma shuleni.

Huku Thika na Ruiru mashamba mengi makubwa ya kahawa, katani na mananasi hayakugawanywa kwa mpango huo wa serikali. Mengine yalibaki makubwa. Mengine yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, kila mwanachama akiwa na hisa yake, na kadiri miaka ilivyopita hisa zikageuka kuwa viwanja, na viwanja vikageuka kuwa mitaa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru, uliokuwa zamani kituo kidogo cha reli kati ya mibuni, ulionekana kuwa na watu karibu 490,000, ukiupita hata mji wa Thika. Watu hao wametoka kila pembe ya Kenya. Kwa maana halisi ya Kiswahili, nao wanalowea. Na Katiba ya 2010 imeagiza kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodisha, kwa muda usiozidi miaka 99. Ile mikataba ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwao imepunguzwa kuwa 99. Hivyo sheria imezunguka na kurudi kwenye tarakimu ya 1902, lakini aliyeiandika safari hii ni mwingine.

Basi, mwanafunzi akutanapo na kitenzi hiki katika kitabu cha Kiingereza, afanye nini? Asikimbilie neno moja la Kiswahili akaliandika pembeni na kugeuza ukurasa. Ajiulize maswali matatu. La kwanza: nani ametua, na alipotua palikuwa na nani? La pili: ikiwa shauri limekwisha, je, limekwisha kwa kupatana au kwa kukatwa? La tatu: ikiwa deni limelipwa, ni nani aliyelipa, na je, alikuwa mdaiwa kweli? Maswali haya ni ya sarufi, kwa kuwa yatafuta mtenda na mtendwa. Vile vile ni maswali ya historia, tena ni ya haki.

Vijana wengi wa Kiambu na Murang'a watakaosoma insha hii watarithi, au watanunua, au watagombania kipande cha ardhi siku moja. Watatia sahihi zao katika karatasi, na karatasi hizo mara nyingi zitakuwa za Kiingereza. Wazee wetu wengi walitia alama ya kidole chini ya maneno wasiyoyajua, na twaona yaliyofuata. Kulijua neno kwa maana zake zote si pambo la mtihani. Ni ulinzi wa nyumba.